Kipokezi Ndani ya Taa ya Bati

Wanangu mnaopanda ngazi siku hizi mkiwa na simu mfuko wa nyuma, nawaonea wivu kidogo na huruma kidogo. Wivu, kwa sababu balbu mnainunua dukani ikiwa na kila kitu tumboni, mnaifunga, mnagusa simu, inawaka. Huruma, kwa sababu siku itakapokataa kuwaka hamtajua pa kuanzia. Sisi tulizifungua taa kwa bisibisi, tukautafutia mahali ule mtambo mdogo wa kupokea amri bila waya, na tulijua kila kilichokaa mle ndani na kilichokuwa kikigombana na mwenzake. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, mimi nikayafuata, na sasa nakaa barazani kwangu Kibuli nikiangalia bodaboda zikipandisha mlima. Nafasi ya kusema ninayo. Sikilizeni basi, au jifanyeni mnasikiliza kama mlivyozoea.

Mtambo wenyewe tuliuita kipokezi. Ni kibao chembamba, kidogo kuliko kiberiti, chenye uzi mfupi wa antena. Amri inakuja hewani, kipokezi kinaipokea, taa inawaka au inazimika. Kukitia ndani ya taa hakutaki nguvu, kunataka adabu, kwa sababu unamwingiza mgeni kwenye chumba ambacho wenyeji wamekwisha jaa. Mwenyeji mkubwa ni draiva, kile kijisanduku kinachoilisha taa umeme wake. Draiva ana joto na ana makelele ya umeme yasiyosikika kwa sikio. Ukimlaza mgeni ubavuni kwake, baada ya wiki chache mgeni hasikii amri tena, na baada ya miezi michache amekufa.

Hayo nilifundishwa na Papa Deo. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, aliyekimbia vita na kufungua meza ya kutengeneza redio pale Katwe, katikati ya watu wanaogonga mabati kutwa nzima. Mimi nilikuwa nimeshazoea taa za mirija, zile za choki na stata, na nilidhani najua kazi. Nilimpelekea taa ya kwanza niliyoitia kipokezi, nimeifunika vizuri, nimeipaka na rangi. Hakuifungua. Aliigonga tu kwa kucha.

"Mama Rehema," akasema, "hii kintu inangojea kuitwa. Wewe umeifungia mu sanduku ya chuma. Nani ataiita?"

Nikamwambia bati ni jembamba.

"Hata kama iko nyembamba namna gani. Chuma njo chuma. Toboa, utoshe antena inje, ipate hewa."

Ukitoboa bati, tundu lina meno. Tia pete ya mpira kwanza ndipo upitishe uzi, la sivyo bati litaukata uzi polepole, na siku utakapokatika utalaumu kampuni ya umeme. Na taa ikishawaka kwa muda, iguse. Iguse kwa mgongo wa mkono, kamwe usiiguse kwa kiganja. Kama umeme umevuja kwenye bati, kiganja kitafumba na kukung'ang'aniza hapo, lakini mgongo wa mkono utaruka wenyewe. Papa Deo alikuwa akinipiga kwa kitambaa cha kufutia kila aliponiona nimenyoosha kiganja. Leo hata sufuria ya chai naigusa kwa mgongo wa mkono, na wajukuu wangu wananicheka.

Gundi ya mkanda nayo iacheni kwa wanaofunga zawadi. Fundi mwenzangu mmoja, simtaji kwa sababu bado ananiletea ndizi, alibandika vipokezi kwa gundi ya mkanda kwenye taa za ukumbi wa harusi. Joto likapanda, gundi ikalegea, kipokezi kimoja kikamwangukia draiva. Taa ya juu ya maharusi ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, shangazi wa bibi harusi akiwa katikati ya nasaha. Mshereheshaji akadhani ni mapambo, akawaambia watu wapige makofi. Watu wakainuka wakacheza. Shangazi yule hakumaliza nasaha zake, na fundi alilipwa na kusifiwa. Kuna watu Mungu anawapenda hivyo.

Mimi sikupendwa hivyo kule Wandegeya. Tulifunga taa kwenye hosteli ya wanafunzi, na kwa haraka zetu tulivipa vipokezi majina ya vyumba vikiwa mezani, halafu tukavipandisha darini bila kuandika lolote kwenye mabati. Haraka haraka haina baraka. Mlinzi akizima taa ya choo, giza linaingia chumbani kwa binti anayesomea udaktari. Binti akipiga kelele, mlinzi anawasha, na choo kinang'aa kama mchana. Tulipanda ngazi upya, taa kwa taa, wanafunzi wakitushangilia kama mpira. Andikeni jina kwenye bati kabla ya kupanda. Kalamu ya wino mzito ni rahisi kuliko aibu.

Lakini taa ninayotaka kuwasimulia hasa ni moja tu, nayo ilikuwa ya mtu asiyesikia.

Pale Katwe kulikuwa na kijana mkata mabati, Sulaiti. Kwa miaka mingi ndiye aliyenikatia maumbo ya taa, mikono yake ni safi, hakunji bati mara mbili. Mkewe Aisha alikuwa kiziwi tangu utotoni, fundi cherehani, mwanamke mwenye macho makali na kicheko cha karibu. Walikaa nyumba ya vyumba viwili chini ya mlima wetu. Cha mbele kilikuwa na cherehani, cha nyuma kitanda, na katikati pazia.

Siku moja Sulaiti alinijia na taa aliyoitengeneza mwenyewe. Ilikuwa ya bati, mviringo, imetobolewa vitundu vya nyota pande zote, chini ina mdomo mpana wa kumwaga mwanga, juu imezibwa imara. Aliigonga nyundo miezi yote mkewe akiwa mjamzito. Aliiweka mapajani kwangu asingoje niisifu, nami nikajua hakuja kwa maonyesho.

"Mama," akasema, "Aisha amezaa mutoto wa kiume, Hakim. Mama yangu ametoka Masaka kumuuguza. Sasa anasema, arobaini ikiisha anarudi na mutoto."

"Na mtoto? Kwa nini?"

"Mimi niko Katwe kutwa. Mutoto akilia, Aisha hasikii. Mama anasema hawezi acha mutoto hapo."

Alikuwa ameona mahali fulani kidude kidogo kinachowekwa kando ya kitanda. Kikisikia kilio kinatuma habari hewani, na kipokezi kilichomo ndani ya taa kinaipepesa. Alikuwa amekinunua. Kilichobaki ni kukitia kipokezi mle ndani ya taa yake, na arobaini haikuwa mbali.

Nilikwenda kesho yake. Bibi wa Masaka ndiye aliyenipokea. Alikuwa mjane wa askari polisi, amelelea watoto wake kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kinachokwenda kwa gwaride. Alivaa gomesi, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, hata ndani ya nyumba, na mtoto alikuwa begani kwake.

"Habali yako, hajati," akasema. "Umekuja kufunga taa ya kulea mutoto. Mimi nimelea sita, hapana taa."

Sikumchukia, na nyinyi msimchukie. Baadaye, tukinywa chai, aliniambia kilichomsumbua. "Mutoto akilia, mutu hapana kuja, akilia tena, hapana kuja, sasa yeye anajifunza kunyamaza. Mutoto ya kunyamaza ni mugonjwa. Mimi naogopa hiyo." Alisema akimpapasa mtoto mgongo, na niliona kwamba anaogopa kweli.

Aisha naye alikuwa haogopi kitu kingine duniani ila siku ile ya arobaini. Alishona mishono michache, akainuka, akachungulia nyuma ya pazia, akarudi. Mishono michache tena, akainuka. Kazi za wateja zilikuwa zimelundikana mpaka dirishani. Mama mkwe akishika mtoto, yeye alimtazama mtoto, na mtu akimtazama mwanawe namna ile huhitaji mkalimani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nilipanga kuitundika taa katikati ya dari, kama kawaida ya mafundi wote, tunapenda katikati kama vile Mungu ameamuru. Aisha alinishika bega akanikalisha kwenye kiti chake cha cherehani. Akanielekeza kichwa kiiname, macho kwenye sindano. Kisha akawasha na kuzima tochi ya simu kule juu katikati ya dari, nyuma yangu. Sikuona kitu. Akaileta tochi mbele, kushoto, juu kidogo ya cherehani, akapepesa. Kitambaa chote kikaruka mwanga mbele ya macho yangu. Nilicheka kwa sauti, naye akacheka kwa kuona mabega yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kutundika taa ya mtu bila kukaa kwanza kwenye kiti chake.

Sulaiti nilimpa kazi ngumu zaidi. Nilimwambia lazima nitoboe taa yake.

"Si iko na matundu tayari?"

"Vitundu vya nyota ni vidogo mno, Sulaiti. Nataka tundu ubavuni la kutoa antena, kipokezi nikikalishe mbali na draiva, juu ya vijiguu vya plastiki."

Aliichukua kazi hiyo mwenyewe, asiniachie mimi. Alitoboa kati ya nyota mbili, akatia pete ya mpira, uzi ukatokeza. Akaugusa uzi kwa kidole. "Sasa imekuwa na mukia ya panya," akasema kwa huzuni. Nikamwambia amshukuru Mungu kwamba kuna paka wachache mtaani.

Tuliifunga. Nikabonyeza swichi ya ukutani, umeme ukaingia. Sulaiti akasimama kando ya kitanda akalia kama mtoto, vibaya sana, na taa ikapepesa juu ya kitambaa. Aisha akaruka kitini. Tukajaribu tena, ikapepesa tena. Bibi alitazama, mtoto begani.

Kesho yake Sulaiti akanipigia simu. Taa ilikuwa imekataa. Mtoto alilia akalia, Aisha akiendelea kushona, mpaka bibi akarudi kutoka sokoni akamkuta mwekundu kama pilipili. Nikashuka mlima na mkoba wangu. Nikabonyeza swichi, nikalia kama mtoto, taa ikapepesa bila kosa. Nikabadilisha antena kwa usalama. Siku iliyofuata ikakataa tena. Nikabadilisha kipokezi chenyewe. Ikakataa. Kila nilipokuwapo ilitii, kila nilipoondoka iligoma, na bibi hakunidhihaki hata mara moja, jambo lililoniumiza zaidi. Aliniambia tu kwa upole, "Pole, hajati. Umejaribu." Nyuma yake niliona ameanza kukunja nguo za mtoto. Aisha hakulia mbele yetu. Aliondoa macho kwenye ile taa na hakuitazama tena.

Jioni nikampigia Papa Deo, ambaye sasa alikuwa mzee wa kukaa na bintiye, mikono inatetemeka, hashiki tena waya. Nikamweleza yote, bati, antena, joto, draiva. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Rehema," akasema, "mbele ya kusema mutu iko mugonjwa, uliza kama amekula."

"Umeme upo, Papa. Nimeupima."

"Ulipima wakati uko pale. Na kama hauko pale, nani anamupa chakula?"

Kuuliza si ujinga, na kukaa kimya ukatazama ni kuuliza pia. Asubuhi nikaenda bila mkoba. Nilisema nimekuja kunywa chai, nikakaa kwenye kigoda karibu na pazia. Sulaiti akaenda Katwe. Aisha akainamia cherehani. Jua likapanda, mwanga ukaingia dirishani. Bibi akatoka chumba cha nyuma na beseni la nguo, akiwa anawaza mambo yake, akapita karibu na mlango, na mkono wake, bila yeye kuutazama, ukabonyeza swichi ya ukutani ukazima. Akaendelea kwenda kufua.

Wanangu, nyote mmelelewa na mwanamke kama huyo. Mimi mwenyewe ni mwanamke kama huyo. Jua likitoka, swichi zote zinazimwa, kwa sababu taa ya mchana ni ufujaji. Kambini kwao askari aliyeacha taa ikiwaka alisemwa mbele ya wenzake. Na ile swichi ilikuwa imekata umeme wote, wa taa pamoja na wa kipokezi, kikalala na njaa mpaka jioni. Mimi nikija, kitu cha kwanza kilikuwa kuiwasha bila hata kufikiri iliwezaje kuwa imezimwa. Mikono yangu nayo ina mazoea yake.

Nilirudi na mkoba. Waya wa moto nikaupitisha moja kwa moja mpaka kwenye taa bila kupitia swichi, na swichi yenyewe nikaiunganisha na kipokezi, iwe inakitumia habari tu. Ukiibonyeza sasa, taa inazimika, lakini kipokezi kinabaki macho. Zimeni mpendavyo, mama zangu wa mchana. Ikiwa mtakumbuka neno moja la kazi kutoka kwangu, liwe hilo: kipokezi kisitegemee swichi ambayo mkono wa mtu umeizoea.

Bibi aliniuliza kasoro ilikuwa wapi. Nikasema ilikuwa kwenye waya, dada, mambo ya ndani ya ukuta. Alinitazama, akaitazama swichi, akanitazama tena. Mke wa polisi hadanganywi kirahisi.

"Ni mimi nalikuwa nazima," akasema.

"Hata kwangu nazima," nikamjibu.

Akakaa kitandani polepole. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya arobaini, na basi la Masaka lilikuwa la kesho yake asubuhi. Mtoto alikuwa amelala pembeni yake, ngumi mbili masikioni. Pazia lilikuwa wazi nusu. Nikarudi kwenye kigoda changu kungoja taa ipate joto niiguse, na hapo nilipokaa niliwaona wote wawili: bibi huku na mtoto, Aisha kule na mgongo wake, anashona.

Mtoto akaamka. Alianza kwa kunung'unika, halafu akafungua kinywa akalia kwa nguvu zake zote. Mkono wa bibi ulikuwa umeshamfikia kabla sauti haijakamilika. Ukasimama hapo hapo, juu yake. Akaurudisha mapajani, akaushika kwa mkono wa pili. Nimeona watu wakibeba mizigo mizito katika kazi hii, lakini sijaona mzigo kama ule wa bibi anayekaa kando ya mjukuu anayelia. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Mtoto akalia. Bibi akakaa.

Kule mbele kitambaa kikaruka mwanga.

Aisha aliacha kushona katikati ya mshono. Aliinua uso akaitazama taa, kisha akainuka upesi kiti kikaanguka nyuma yake, asikisikie, akaja kwenye pazia. Pale akamwona mama mkwe amekaa na mtoto analia, akasita, kama mtu anayeomba ruhusa mlangoni.

"Mchukue," bibi akamwambia. "Alikuwa naita wewe."

Aisha hakuelewa midomo ile inayotetemeka. Bibi akanigeukia. "Namna gani nasema hiyo kwa mikono?"

Mimi nilikuwa nimejifunza ishara za taa, chai na moto tu. Nikamwambia sijui, dada.

Basi akainuka, akamnyanyua mtoto akiwa bado analia, akamweka kifuani kwa mama yake, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Mtoto akanyamaza. Aisha alilia hapo, na bibi akalia, na mimi niliyekuja kupima joto la bati nikalia nao, sioni haya kuwaambia.

Asubuhi Sulaiti, pamoja na Aisha na mtoto, alimsindikiza mama yake kituoni. Aliniambia mama alipanda basi la Masaka mikono mitupu, akakaa dirishani, akawapungia.